Miaka Mitatu, Si Majuma Matatu



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo lenye kusumbua nyumba nyingi hapa Banalia kila mara mwaka wa masomo unapokaribia kwisha. Mtoto anamaliza mwaka wa sita katika shule ya serikali. Baba amepata zaabu kidogo kwenye machimbo, naye anasema: «Huyu wangu ataenda Kisangani, ku shule ya private yenye kuchagua watoto.» Wazo ni zuri. Lakini shule ile ina mtihani wa kuingia, na majuma matatu tu yamebaki. Basi baba anabisha mlango wangu usiku: «Baba Pasta, uniambie tu ni nani nimupatie kitu.»

Msomaji, sikumcheka baba huyo, wala sikumhukumu upesi. Mimi mwenyewe nilikosa mbele yake.

Mtoto wangu wa kwanza alisoma papa hapa, shule ya serikali. Buletini yake ilionyesha 74 kwa 100, nami nilitembea nayo mfukoni sawa kitambulisho. Nilimpandisha pikipiki, kilomita 128 mpaka Kisangani, nikaketi nje ya darasa nikimngojea. Karatasi iliomba asome habari ya nusu ukurasa kwa Kifaransa, halafu ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Jina lake halikuonekana kati ya waliopokelewa. Njiani nilimkaripia mpaka tukafika Bengamisa. Tuliposimama kunywa maji akaniambia polepole: «Papa, maneno nilikuwa najua kuisoma. Lakini sikujua inasema nini.»

Nilinyamaza. Miaka sita mtoto alikuwa akisoma nyumbani kwangu kwa sauti nzuri, nami sikumwuliza hata siku moja: inasema nini?

Tuelewane vizuri. Mtihani wa taifa wa mwisho wa primeri, ule tulioita TENAFEP na leo ENAFEP, hupima Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Anayepita anapata sertifika yake. Lakini shule ya kuchagua ina viti vichache. Haitafuti tu mtoto aliyepita, inatafuta aliyewapita wengine. Kwa hiyo mtoto anaweza kushangiliwa hapa, na kule akaachwa mlangoni.

Tusimtupie mwalimu lawama yote. Tangu Septemba 2019 masomo ya primeri ni bure katika shule za serikali, pamoja na zile za konvansione zinazoongozwa na makanisa tangu mwaka wa 1977. Watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani waliingia shuleni, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Lakini darasa likijaa, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Tena mtoto anaanza masomo kwa lugha ya nyumbani, halafu Kifaransa kinashika nafasi yote. Hapo katikati wengi wanapotea, na hakuna anayewaona, kwa sababu mdomo unaendelea kusoma.

Kumbuka Danieli na wenzake, sura ya kwanza. Walipelekwa mbali, wakafundishwa lugha na maandiko ya watu wengine muda wa miaka mitatu, ndipo wakasimamishwa mbele ya mfalme kuulizwa. Miaka mitatu! Sisi tunampa mtoto majuma matatu, tena na kiboko juu yake.

Basi nyumbani kwangu tulibadilisha desturi. Kwa mdogo wake, msichana, tulianza mwaka wa ine.

Mwaka wa ine ni wa kusoma na kuelewa. Kila jioni dakika ishirini, ukurasa mmoja wa Kifaransa. Akimaliza, afunge kitabu na kueleza kwa Kiswahili, Lingala ao Libua yale aliyosoma, kisha ajaribu tena kwa Kifaransa. Mama asiyejua Kifaransa hata neno moja anaweza kazi hii. Aulize tu: «Inasema nini?» Mtoto akikosa la kueleza, mama amejua palipo na shimo. Mke wangu alifanya hivyo akichambua pondu, na alimfundisha kuliko mimi.

Mwaka wa tano, hesabu za maisha. Pikipiki inatoka Kisangani kuja Banalia, kilomita 128. Inakula litri 1 ya esansi kwa kilomita 40. Itakula litri ngapi? Ikitoka saa mbili asubuhi na kwenda kilomita 32 kwa saa, itafika saa ngapi? Mtoto asikupe jibu peke yake, litri 3.2 na saa sita mchana. Akueleze njia aliyopita kulifikia.

Mwaka wa sita, azoee karatasi na saa. Mara moja kwa juma, imla na maswali, bila kusaidiwa, mpaka saa iishe. Na wewe mzazi, mapema, nenda ao tuma mtu kuuliza shuleni: mtihani ni tarehe gani, masomo gani, karatasi gani zinaombwa? Uliza pia minervali, uniforme, na mtoto atalala kwa nani. Ule ubure wa 2019 ni wa primeri ya serikali. Haufuati mtoto ku shule ya private. Kupita mtihani na kufukuzwa katikati ya mwaka kwa sababu ya deni, hiyo nayo ni haya kwa mtoto asiye na kosa.

Msichana wetu alipita. Hakuwa wa kwanza, lakini jina lake lilikuwa pale, nasi hatukumpa mtu kitu.

Yule baba wa usiku nilimjibu hivi: «Ndugu yangu, ukinunua kiti, mtoto atakikalia, lakini hatasikia yanayosemwa mbele yake. Na atajua kwamba baba yake hakumwamini.» Alikaa kimya, akauliza: «Na mdogo wake wa mwaka wa tatu?» Nikamwambia: huyo bado ana wakati. Usimtume machimbo siku za masomo. Anza kesho jioni.

Kijana unayesoma ukurasa huu nawe uliachwa mlangoni, sikiliza. Mwanangu wa kwanza alirudi akaingia sekondari ya konvansione hapa hapa, na leo yuko humanite. Jioni ndiye anayewauliza wadogo zake: inasema nini? Na mimi, siku moja nilimwomba msamaha juu ya yale ya njiani. Alicheka. Lakini Bengamisa ninaikumbuka kila nikipita.

Tuonane mwezi ujao. Mungu abariki nyumba zenu.