Kuuguza mume kabla ugonjwa haujapata jina

Wasomaji wangu, safu hii haikutoka kwa wiki mbili, na baadhi yenu mliandika kuuliza kama nimeacha. Sijaacha. Nilikuwa nashinda kwenye mabenchi ya hospitali na mume wangu. Nimemuomba ruhusa ya kuandika habari yake, akakubali kwa sharti moja: nisimfanye aonekane mtu wa kuhurumiwa.

Baba watoto ni fundi cherehani. Ana miaka 49 na amekuwa akishona hapa Morogoro tangu kabla hatujaoana. Mwaka jana, msimu wa sare za shule, alianza kulalamika kwamba mkasi umekuwa mgumu. Akaupeleka kunolewa. Ukarudi, bado mgumu. Akanunua mwingine. Ilipita kama miezi miwili mpaka sote wawili tukakubali kwamba mkasi hauna tatizo. Kidole gumba ndicho kilichokuwa hakina nguvu.

Hakuna kilichokuwa kinamuuma, na hilo ndilo lililotuchelewesha. Tumezoea kwamba ugonjwa ni maumivu. Mkono usipouma unasema nimechoka, au nimeulalia vibaya. Kisha nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ikaanza kubonyea. Usiku nikawa naona misuli ya bega lake inacheza yenyewe chini ya ngozi. Jicho likicheza watu husema utaona mgeni au utalia, basi sisi tukawa tunataniana: bega zima hili linaleta wageni wangapi? Baadaye mguu wa kulia ukaanza kujikwaa kwenye kizingiti.

Siku moja stendi alijikwaa wakati anapanda daladala, konda akasema, "Mzee asubuhi yote hii umeshazipiga?" Mume wangu hajawahi kuonja pombe. Hakumjibu. Ila kuanzia siku ile akaacha kupanda daladala, akawa anatembea, na kutembea ndiko kulikokuwa kunamchosha zaidi.

Huku tulipewa dawa za maumivu, tukapewa vitamini, tukaambiwa ni ganzi ya kukaa sana kwenye cherehani. Mwisho tukapata rufaa kwenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Tukapanda treni ya umeme alfajiri. Yeye alivaa suti aliyoishona mwenyewe, kama mtu anayekwenda harusini.

Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akamkwaruza nyayo, akamtazama ulimi kwa muda mrefu, akauliza kama yupo ndugu aliyewahi kuishiwa nguvu namna hii. Halafu akatuambia neno ambalo tunaishi nalo mpaka leo: "Nashuku."

Anachoshuku ni ugonjwa ambao neva zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye misuli hufa kidogo kidogo. Madaktari huuita kwa herufi tatu, ALS. Neva zikifa, misuli haipati amri, inalegea na kusinyaa. Hauambukizi. Hilo nimelisema mara nyingi sana mtaani, kwa sababu mama mmoja alimwondoa binti yake aliyekuwa anajifunza kushona kwetu.

Nilitaka daktari aseme ndiyo au hapana. Akaeleza kwa upole kwamba hakuna kipimo kimoja kinachotoa jibu hilo, kama vile malaria inavyopimwa kwa tone la damu. Wanachofanya ni kuondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine. Mifupa na disi za shingo zikibana uti wa mgongo, mtu anaweza kuonekana hivi hivi, na hiyo mara nyingine hufanyiwa upasuaji. Upungufu wa vitamini B12 nao hudhoofisha neva, hasa kwa wasiokula nyama, mayai wala maziwa, au waliotumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi. Ipo tezi ya shingo. Virusi vya UKIMWI navyo vinaweza kuleta dalili zinazofanana. Kwa hiyo damu ikachukuliwa ya kupima mambo mengi, ikafuata picha ya shingo ya MRI, kisha kipimo ambacho unachomwa sindano nyembamba kwenye misuli na mashine inasoma umeme wake. Baada ya hapo wanasubiri miezi kadhaa na kukuangalia tena, kwa sababu mwendo wa ugonjwa wenyewe ni sehemu ya jibu.

Kama mwenzako ameambiwa "tunashuku", basi msikatae vipimo hivyo hata kama vinachosha. Mojawapo ya vitu vinavyotafutwa kinaweza kuwa kinatibika. Niliwaambia ndugu zetu waliosema, "Kama hauna dawa, ya nini kuhangaika?"

Vipimo vina bei. Ilibidi ovaloki iuzwe. Niligundua imeuzwa nilipoingia kibandani nikakuta alama nne za miguu yake sakafuni. Nilikasirika kwamba hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia ungelia, na mimi sina mkono wa kukufuta machozi." Utani wake ndivyo ulivyo siku hizi.

Kusubiri ndiko kugumu kuliko kuuguza kwenyewe. Simu zinatuponza. Binti yetu yuko kidato cha pili, akaziona zile herufi tatu kwenye karatasi ya hospitali, akazitafuta. Akasoma kwamba wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili zianze. Hakutuuliza. Alimaliza wiki nzima na lile jambo kifuani, mpaka mwalimu wake akanipigia kwamba mtoto analia darasani.

Hilo ni kosa langu, wala simlaumu mtu mwingine. Miaka yote nawaandikia hapa kwamba watoto huziba kwa hofu yao pengo tunaloliacha sisi. Ilipofika kwangu nikanyamaza.

Jioni ile tuliwakalisha wote wawili. Baba yao ndiye aliyeongea. Akasema mkono na mguu wake vinaumwa, madaktari wanatafuta sababu, hakuna aliyefanya kosa, na wakijua chochote na wao wataambiwa siku hiyo hiyo. Wa darasa la sita aliuliza kama ataacha shule. Binti akauliza moja kwa moja, "Baba, utakufa?" Akamjibu, "Sijui, mama. Leo sifi. Nikijua zaidi nitakuambia." Mimi nisingeweza kujibu hivyo.

Siku ya pili tulitafuta pamoja kwenye ile ile simu. Tukasoma kwamba Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akafariki mwaka 2018 akiwa na miaka 76. Nilimweleza binti kwamba wa namna hiyo ni nadra sana, sikutaka kumuuzia matumaini ya uongo. Lakini ilimsaidia kuona kwamba takwimu ni ya watu wengi kwa pamoja, si tarehe iliyoandikwa kwa ajili ya baba yake. Tukasoma pia kwamba ipo dawa inayoitwa riluzole, inapunguza kasi kidogo, haiponyi. Wauzaji wa "dawa ya kusafisha mishipa" walionitumia ujumbe nimewazuia wote.

Mama mkwe alikuja kutoka Ifakara na jibu lake tayari: mwanawe amerogwa, na mkono uliochaguliwa ndio unaomlisha. Alitaka ampeleke kwa mtu anayemfahamu, na dawa za huko zinywewe siku 7 bila kuchanganya na za hospitali. Nilitaka kugombana. Shemeji yangu mkubwa akanivuta pembeni: "Mama analia kwa namna yake." Basi nikamuomba jambo moja, nikasema, "Mama, wewe ndiye uliyemlea. Mchue mkono na mguu kila jioni, lakini cha kunywa tumuulize daktari kwanza." Akakubali, nusu nusu. Anamchua kwa mafuta ya nazi, taratibu, na daktari alisema haina ubaya. Mchana humwona akitembea akiombea kila kona ya nyumba. Simzuii.

Kaka yake alimletea vyuma vya kunyanyua, eti misuli irudi. Akanyanyua siku tatu, akawa hoi mpaka kijiko kinamshinda. Mtaalamu wa mazoezi alituambia anachohitaji ni kunyoosha viungo visikakamae, na kupumzika kabla hajachoka.

Sasa nije kwenye kifungo cha shati. Jumapili moja tulikuwa tumechelewa kanisani, yeye anahangaika na kifungo cha tatu, watoto wako mlangoni wanangoja. Nikamwondoa mikono, nikamfunga vyote haraka haraka kama mtoto wa chekechea. Hakusema kitu. Akavua shati, akarudi kulala. Hatukwenda kanisani siku hiyo, na hatukuongea mpaka usiku.

Usiku akaniambia, "Nisaidie nikikuomba. Nisipokuomba, niache nichelewe." Tukakubaliana: mimi nauliza "nikushike?", yeye anajibu ndiyo au bado. "Bado" yake wakati mwingine huchukua dakika kumi, na mimi nina haraka ya asili. Nakwenda kuchambua mchele.

Wiki iliyofuata alikata vifungo vya mashati yake yote, akabandika ile kanda ya kubandika na kubandua iliyoko kwenye viatu vya watoto. Vifungo akavirudisha juu kama pambo. Kwa nje hujui. Yeye alielekeza, binti akashona. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuinuka pale ndiko kulikomwangusha mara mbili. Tumetoboa kiti cha plastiki katikati, na fundi bomba akafunga kipande cha bomba ukutani cha kushikilia. Kizingiti cha mlango tumekivunja.

Kuhusu mimi, nimekonda. Namsikiliza anavyopumua usiku badala ya kulala. Dada yangu sasa anakuja kila Jumatano, na siku hiyo naondoka nyumbani saa nne mpaka saa tisa. Mara ya kwanza nilikaa tu kwenye kibaraza cha duka la jirani, nikiona haya kuwa nimekaa. Mara ya pili nilikwenda kusuka.

Miadi ijayo Dar es Salaam ni mwezi ujao, watamgonga tena magoti na kulinganisha na mara ya kwanza. Hadi hapo yeye anakata vitambaa kwa mkono wa kushoto, polepole, na mistari yake bado imenyooka kuliko ya mafundi wengi mtaani.

Wiki ijayo nitarudi kwenye barua zenu. Ya kwanza ni ya mama wa Kilosa ambaye mtoto wake wa miaka 8 bado anakojoa kitandani. Mama, nisamehe kwa kukuchelewesha.