Sala na kofia ya kazi

Bandugu wa mugodi, na nyinyi wamama wenye kutungojea nyumbani, mwenzetu mumoja alivunjika mguu kazini. Mushahara wake ulikawia miezi miwili. Wamama wa kikundi cha maombi wa avenyu yetu walifika kwake kila juma: wanaomba, wanaimba, kisha wanaacha unga, samaki na makala. Aliniambia ule unga ulimutia nguvu kuliko maneno yangu yote ya sendika. Nilicheka, lakini ni kweli.

Ila kuna wenye kusema, "Tumuachie Mungu," na hawaandiki hata lalamiko moja. Hapo mimi nakataa. Mu Biblia, Nehemia na watu wake walipojenga ukuta wa Yerusalema, waliomba Mungu, tena waliweka walinzi usiku na mchana. Na maskini walipolia juu ya madeni, Nehemia aliwakaripia wakubwa mbele ya watu wote, mpaka wakakubali kurudisha mashamba. Ile pia njo imani.

Kesho mbele ya kuingia, fanya sala yako. Kisha angalia kofia, taa, na jiwe la juu. Kama limepasuka, usiingie. Ita delege wako.