Klachi ya gari la kazi na mashindano

Msomaji, ikiwa Subaru Impreza yako ya turbo imeongezwa nguvu, nawe waiendesha kazini Jumatatu na kushindania mita 400 Jumapili, usimwambie fundi akutilie klachi "kali kuliko zote". Mwulize kwanza injini inasokota kwa Nm ngapi. Klachi hushika msokoto, wala si idadi ya farasi.

Sahani yenye vipande vya seramiki huuma barabara gari liking'oka, lakini katika msongamano wa magari itatetemeka hadi abiria waombe kushuka. Ile ya kawaida ni laini, ila huungua upesi ikitelezeshwa. Presha pleti nzito nayo huchosha mguu na kula beringi ya krenki. Mimi ningechagua klachi ya sahani mbili: nyuso za msuguano huongezeka maradufu bila pedali kuwa nzito mno. Bei yake, lo!

Klachi isiyoteleza huhamishia kishindo kwenye giaboksi, na ile ya gia tano ya Impreza inajulikana kwa kuvunjika meno. Flaiwili kuukuu ya chuma cha kusubu isirudishwe kamwe. Ikipasuka, vipande vyaweza kupenya sakafu na kukukata miguu. Ukishafungiwa mpya, endesha polepole mjini kama kilomita 800 kabla ya kushindana.