Mwalimu wa Marekani tumemsikia, wazee wetu nani atawahoji?

Ijumaa moja asubuhi nilijikuta Lubao, soko lililo kando ya barabara itokayo mji wa Kakamega kwenda Webuye. Huenda wasomaji wengi wa pwani hawalijui soko hili, basi na niwajuze. Siku ya Ijumaa Lubao huuzwa mbwa. Mbwa wa kuwinda, mbwa wa kulinda boma, na vitoto vya mbwa vilivyofungwa kamba shingoni, na watu hupatana bei kama tupatanavyo sisi juu ya nguru na changu kule dikoni. Kwa mtu aliyesomeshwa Safina chuoni, akafundishwa kuosha mara saba, moja kwa udongo, hapo si pahali pa kuzurura. Nilikunja kanzu yangu nikapita upande, nikajibanza katika kibanda cha kinyozi kungojea gari la kunirudisha mjini niwahi sala ya Ijumaa.

Ndani ya kibanda alikuwamo kijana mmoja amepakata gita lililokosa uzi mmoja, na mbele yake simu. Katika simu alikuwa mzungu mwenye mvi nyeupe pe, akieleza wimbo mmoja kipande kwa kipande: hapa ngoma imeingia, hapa gita la pili limejificha nyuma ya la kwanza, hapa mwimbaji amepanda ngazi asiyotarajiwa kuipanda. Kando alikaa mzee mmoja akisubiri kunyolewa, mpigaji wa isukuti tangu ujana wake.

"Huyu ndiye mwalimu wangu, mzee," kijana akasema. "Mimi shuleni sikusomeshwa muziki, na huyu hanitozi hata senti."

Mzee akaitazama simu kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, na sisi wa isukuti, yuko wa kutuuliza tunavyopiga?"

Kijana hakuwa na jibu. Na mimi nilipanda gari sina jibu, na swali hilo limenifuata mpaka Mombasa.

Mzungu yule ni Rick Beato, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1962 katika jimbo la New York. Amesoma muziki chuoni, amefundisha, na kwa miaka mingi amekuwa akirekodi bendi katika studio yake huko Georgia. Studio hiyo, ajabu ya Mungu, inaitwa Black Dog, yaani Mbwa Mweusi. Jina lake lilienea baada ya kumwonyesha mwanawe mdogo aliyeweza kutaja kila sauti ya kinanda kwa kuisikia tu. Leo chaneli yake katika YouTube ina wafuasi zaidi ya milioni 5. Kazi zake kubwa ni mbili: kuufungua wimbo maarufu na kuonyesha ulivyofumwa, na kuketi na wanamuziki wakongwe na kuwahoji.

Wanamuziki wenyewe hawakubaliani juu yake, na yafaa tuzisikie pande zote mbili kabla ya kuhukumu.

Wanaomsifu wanasema kwamba huyu anauliza maswali ya fundi kwa fundi. Mwandishi wa kawaida humuuliza mwimbaji ameoa mara ngapi na gari lake ni la aina gani. Beato humuuliza sauti ile uliipataje, gita ulilitega vipi, nani alikuwa kwenye ngoma siku ile. Wapigaji ambao majina yao yaliandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya sahani, au hayakuandikwa kabisa, kwake wamepata heshima yao. Mwaka 2023 alikwenda nyumbani kwa Keith Jarrett, bingwa wa piano aliyepatwa na kiharusi mwaka 2018 na kupooza upande wa kushoto, na ulimwengu ukamwona mzee yule akipiga kwa mkono wa kulia peke yake. Mahojiano kama hayo yakikosekana leo, kesho hayapatikani.

Wanaomlaumu nao wana lao. Wanasema kipimo chake ni cha gita na piano za ujana wake, na kila kisichoingia katika kipimo hicho hukiona kipungufu. Mwaka 2024 alidai kwamba muziki unazidi kuharibika kwa sababu umekuwa rahisi mno kuutengeneza na rahisi mno kuupata. Vijana wanaotunga kwa kompyuta wakaona wametukanwa. Wengine wanasema kwamba kuuchambua wimbo mpaka mifupa ni kuuua, na kwamba wako mabingwa wasiojua hata jina la mshiko mmoja. Kisha kuna ugomvi wa haki. Yeye hupiga vipande vya nyimbo za watu ili afundishe. Makampuni ya sahani huzuia video zake au kudai fedha zake. Mwaka 2020 alilieleza jambo hili mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti la Marekani, na mwaka 2025 alilalamika tena juu ya madai ya kampuni ya Universal.

Mimi naona hivi. Akiwa mwalimu wa kusikiliza na fundi wa kuuliza, Beato anastahili shukrani. Akiwa hakimu wa muziki upi mzuri na upi mbaya, tusimpe kiti hicho, na wala si yeye peke yake. Kipimo chake hakiwezi kupima udi wa marehemu Zein l'Abdin, kwa kuwa zimo sauti katika maqamu ya Kiarabu zinazokaa baina ya vibao viwili vya piano, na mwenye piano huziona kosa. Wala hakiwezi kupima isukuti, ambamo ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, huzungumza kama baba, mama na mtoto, na utamu wote umo katika kujibizana kwao. Anayetafuta mishiko ya gita humo atatoka mikono mitupu, aseme hapana muziki.

Lakini kosa hilo si la Beato. Yeye anahoji watu wa kwao. Kosa ni letu sisi tusiohoji wa kwetu.

Na wala tusiseme kazi hii ni ya kizungu. Sheikh Shaaban Robert aliifanya zamani. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, alifariki mwaka 1950. Kabla ya kufa kwake Shaaban Robert alikutana naye, akamsikiliza, kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Lau angesema atakwenda mwaka ujao, leo tungekuwa na sahani za mkwaruzo na hadithi za kukisia.

Tazameni sasa huko Kakamega. George Mukabi wa Kisa, mmoja wa mabingwa wa gita la omutibo, aliuawa mwaka 1963 angali kijana. Gita lake liliambatana na chupa ya soda inayokwaruzwa, na hata leo wapigaji wa Ulaya na Marekani wanakuna vichwa kutafuta vidole vyake vilikwenda wapi. Nani alimketisha akamuuliza? John Low, Mwingereza mpiga gita, alifunga safari hadi Shaba, Kongo, kuwatafuta mabingwa wa huko, na kitabu chake kikatoka mwaka 1982. Taarabu yetu wenyewe, sehemu kubwa ya yaliyokusanywa na kuelezwa katika sahani za siku hizi ni kazi ya Mjerumani, Werner Graebner. Nawashukuru. Lakini mgeni akikuhesabia watoto wako nawe umelala, si jambo la kujivunia.

Isukuti yenyewe, mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Sababu ni ile ile ya yule mzee wa kibandani: wanaoijua ni watu wazima, na warithi hawapo.

Najua wamo wasomaji watakaoniambia kwamba ala zenyewe zina khitilafu baina ya wanazuoni. Hilo nawaachia wenye elimu yake. Lakini wapo pia mafundi wa kasida, wa maulidi, wa dufu, na wa utenzi usomwao kwa mahadhi yake, na nao wanakwenda mmoja mmoja. Kila anayezikwa huzikwa na hazina. Hata asiyegusa udi ana haki ya kujua mahadhi ya babu yake yalikuwaje.

Basi vijana wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, simu mnazo mikononi. Ile ile inayowaletea Beato inaweza kumrekodi mzee wa mtaani kwenu. Ila kazi hii ina adabu zake. Kwanza, nenda ukiwa umeshasikiliza. Usimwendee fundi hujui hata nyimbo zake. Pili, muulize namna ya kazi, si umbeya: udi ulitegwaje, mahadhi haya aliyapokea kwa nani, beti zilitungwa usiku au mchana. Tatu, mpe nafasi aonyeshe kwa mkono, maana mengine hayasemeki. Nne, omba ruhusa, na kama pana chochote kitakachopatikana, mzee apate fungu lake kwanza. Twalaumu makampuni ya Ulaya kwa kuwanyonya wasanii. Tusije tukawa wanyonyaji wa babu zetu. Tano, ukimtukuza wa jana usimtukane wa leo. Taarabu ya kinanda cha umeme ilipoingia wako walioilaani, na leo walaaniwa wa jana ndio wazee wa kuhojiwa.

Nilipokuwa natoka katika kile kibanda, kijana alikuwa ameiweka simu chini, naye mzee, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, alikuwa akigonga ubao wa kiti kwa viganja kumwonyesha ngoma ndogo inaingia wapi. Kinyozi alisimama na wembe mkononi, akingojea amalize. Kijana aliomba arudie. Mzee akarudia.

Sikumwona akibonyeza simu ili kurekodi. Huenda alisahau. Natumai Ijumaa iliyofuata alikumbuka.