NDIGANA KALI: UGONJWA WA KUPE UNAOFANYA KAZI KAMA SARATANI

Leo tuiache siasa kidogo, ingawa mwishoni itajirudisha yenyewe.

Hapa Ifakara ukitaja ng'ombe, watu wanawaza ugomvi wa mkulima na mfugaji. Tangu ile operesheni ya 2012 ya kuondoa mifugo bondeni, mjadala ni ule ule: ng'ombe wamezidi, mpunga umeliwa, nani ahame. Hakuna anayeuliza hao ng'ombe wenyewe wanakufa na nini.

Mimi nilianza kuuliza baada ya ndama wa mjomba kufa. Tezi zilimvimba chini ya sikio, homa juu, akahema kwa shida, povu puani, basi. Ndigana kali. Kwamba inaletwa na kupe wote tunajua. Kinachotokea ndani ya mwili ndicho sikuwahi kufundishwa shule: kinafanana kabisa na saratani.

Kimelea chenyewe kinaitwa Theileria parva. Kupe akimng'ata ng'ombe, kimelea kinaingia kwenye seli nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Hakiziui. Kinazilazimisha zizaliane bila breki, na kila seli ikigawanyika nacho kinagawanyika humo humo. Mwishowe zinavamia hadi mapafu.

Breki inakatwaje? Mwaka 2015 watafiti wa Paris walitoa sehemu ya jibu kwenye jarida la Nature. Wao walichunguza ndugu wa kimelea chetu, Theileria annulata, anayesumbua ng'ombe wa Afrika Kaskazini na Asia. Walikuta anatoa kimeng'enya, yaani enzaimu, kinachoitwa PIN1. Vimeng'enya vya aina hii vinapinda protini nyingine. Umbo likibadilika, kazi nayo inabadilika, kama ufunguo uliopinda. PIN1 ya kimelea inasababisha protini moja ya ng'ombe, FBW7, iharibiwe. Hiyo FBW7 ndiyo mlinzi anayeondoa protini za kuchochea seli zizaliane. Mlinzi akiondoka, vurugu inaanza.

Sasa hapa ndipo niliposhtuka. Sisi binadamu tuna PIN1 yetu wenyewe, na kwenye saratani nyingi, ikiwemo ya matiti na ya tezi dume, inakutwa imezidi. Wanyama tofauti, kimeng'enya cha ukoo mmoja. (Nyama msiiogope, kimelea cha ndigana hakimwambukizi binadamu.)

Lakini saratani hii ya ng'ombe ina ajabu yake: inaweza kurudi nyuma. Kimelea kikiuawa kwa dawa ya buparvakwoni, seli zinaacha kuzaliana. Dawa inauzwa maduka ya mifugo. Kipimo ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwa hiyo ndama wa kilo 60 anahitaji mililita 3. Mjomba alichelewa siku kadhaa, halafu dozi ya ndama mmoja akaigawa kwa wawili. Simlaumu, hela ndiyo hiyo hiyo na bwana mifugo yuko mbali. Ila Tunisia tayari walipatikana vimelea sugu, na PIN1 yao ilikuwa imebadilika. Tukiendelea kubahatisha dozi, tunakifundisha kimelea namna ya kuikwepa dawa.

Chanjo je? Ipo, na Wamaasai wa kaskazini wanaitumia miaka mingi. Ng'ombe anachomwa vimelea hai pamoja na antibayotiki siku hiyo hiyo. Kasoro yake inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali mno, kwa hiyo bila mtaalamu na chombo chake haifiki kijijini.

Na siasa ndiyo hii. Juni 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo. Kwa ng'ombe ikalenga homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri. Jambo zuri, napongeza. Ndigana kali je? Mji wetu unajulikana duniani kwa utafiti wa malaria, tena malaria inaletwa na kimelea cha ukoo wa mbali na hiki. Bonde lenye sifa hiyo lisikose hata mtu wa kuchanja ndama.

Madiwani wakija kuzungumzia ng'ombe, tusiwaulize idadi tu. Tuwaulize majosho mangapi yana dawa, na chanjo ya ndigana inafika lini.

Wafugaji na mabwana mifugo mliomo humu, huko kwenu ikoje? Nimekosea wapi? Naomba kuwakilisha.