Mbegha hakupeleka vyeti Vugha

JICHO LA MILIMANI
Na Hizza Mbelwa

Wasimulizi wa Usambara wanasema Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliwakuta watu wa milimani wamechoshwa na nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba. Akawaua nguruwe, akagawa nyama, akaamua magomvi yaliyowashinda wenyeji, na safari ya kwenda Vugha ilipomkutanisha na simba, akamuua pia. Wakampa utawala, wakamwita Simba Mwene, na ukoo wake wa Wakilindi ukatamba milimani kwa vizazi. Simulizi ina chumvi yake, lakini usaili umo ndani yake: watu walikuwa na shida, na mgeni akafanya kazi mbele ya macho yao.

Kijana wa Lushoto anayeitwa leo na kampuni ya teknolojia ana ugumu ambao Mbegha hakuwa nao. Nguruwe aliyeuawa anaonekana. Kazi ya mwandishi wa programu inaanzia kichwani, na asipoisema, wasaili wanaona mtu aliyekaa kimya tu.

Hapo ndipo wengi wanapoangukia, na si kwa kukosa akili. Mtoto wa Mlalo au Mtae amelelewa asiropoke mbele ya wakubwa. Akiulizwa, hufikiri kwanza na kujibu baadaye, kwa maneno machache. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akafika kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote yamehamia Kiingereza, akajifunza kwamba mwenye kunyamaza hachekwi. Adabu hiyo inamfaa barazani. Kwenye usaili wa kiufundi inamponza, kwa sababu msaili anataka kuiona njia aliyopita kufikia jibu, hata akipotea katikati na kurudi.

Kampuni kubwa zenyewe zilichukua muda kujua cha kuuliza. Google ilikuwa na sifa ya mafumbo, kama mipira mingapi ya gofu inaweza kujaa ndani ya ndege. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia masuala ya watumishi wake, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo hayo yalikuwa kupoteza wakati, na kwamba kilichosaidia zaidi ni maswali yaliyopangwa, yanayomtaka mtu aeleze alivyotatua tatizo la kweli. Hata hivyo mambo hayakunyooka. Miaka miwili baadaye Max Howell, mtunzi wa Homebrew, programu iliyotumiwa na wahandisi wengi wa Google wenyewe, alilalamika hadharani kwamba kampuni hiyo ilimkataa kwa kushindwa swali moja la ubaoni. Basi kujua kazi ni jambo moja na kupita usaili ni jingine, na la pili nalo lina mazoezi yake.

Mazoezi hayo yanaweza kufanyikia Lukozi, siku ya soko. Mkulima amepeleka magunia ya karoti Dar es Salaam. Mnunuzi anamlipa kwa Airtel Money, mkulima yuko M-Pesa ya Vodacom, na mtandao unakatika katikati. Huku fedha imetoka, kule haijaingia. Mfumo ufanye nini?

Swali hilo lina uzito wa kazi halisi. Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana mwaka 2014 wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, Vodacom ikajiunga mwaka 2016, na tangu hapo muamala uliokwama kati ya mitandao miwili ni shida ya mhandisi wa watu. Anayejiandaa na alieleze hatua kwa hatua, kwa sauti. Programu isikimbilie kutuma tena, maana huenda fedha ilifika na kilichopotea njiani ni jibu. Kila muamala uwe na namba yake moja; ombi likirudi na namba ileile, mfumo unaopokea uangalie kama ulishalilipa, usilipe mara mbili. Fedha isiyojulikana iliko ikae mahali pa kusubiri, hesabu za pande mbili zilinganishwe, ndipo arudishiwe mtumaji au akamilishiwe mpokeaji. Na mkulima aandikiwe ujumbe wa kweli, badala ya kuachwa anamgombeza wakala asiye na kosa.

Aeleze kwanza kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua kompyuta, shangazi muuza mboga kwa mfano. Shangazi akiuliza, “Sasa hela yangu iko wapi?” na kijana akababaika, ajue bado hajaelewa vizuri. Akimaliza hapo, arudie yote kwa Kiingereza. Wengi huanza na Kiingereza, wakakariri maneno makubwa ambayo swali dogo la nyongeza linayabomoa.

Kumjua mtumiaji nako ni utaalamu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Watu wakaanza kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, wengine wakaziweka humo ili wasisafiri na noti mfukoni, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Tanzania ikafuata mwaka 2008. Kijana aliyekua akiona mama zake wanavyotuma ada na wanavyomwomba wakala awabonyezee simu ana jambo la kusema ambalo mwenzake wa Masaki huenda hajawahi kuliona. Ajabu ni kwamba akiambiwa “tueleze kuhusu wewe” huanza na tarehe ya kuzaliwa, akapanda darasa kwa darasa hadi chuo, vitu ambavyo msaili anavyo mezani. Aseme alichotengeneza, nani alikitumia, na kiliharibika wapi. Na aseme “mimi nilifanya”. Ile “sisi” ya heshima inamficha.

Mambo ya njiani hayahitaji maneno mengi. Barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni kona juu ya kona, na mvua kubwa huiletea maporomoko. Anayeitwa Dar es Salaam ashuke mapema. Anayesailiwa kwa video atafute siku moja kabla mahali mtandao unaposhika, awe na laini ya pili yenye bando, na leptopu iliyojaa chaji. Na anayedaiwa ada ya usaili ajue anaongea na tapeli.

Kampuni nazo hazina haki ya kukaa pembeni. Kazi nyingi za uhandisi zinahitaji Kiingereza cha kusoma nyaraka, hilo halina ubishi. Lakini kijana akiomba dakika kumi aufafanue mfumo wake kwa Kiswahili, halafu aingie Kiingereza, kwa nini akatwe alama? Wateja wanaobonyeza *150*00# kufungua M-Pesa pale Mombo wanasoma menyu ya Kiswahili, na anayewahudumia vibaya kwa lugha hiyo huambiwa siku hiyohiyo.