Maji Yakishachemka, Kuni Zinakwenda Wapi?

Mimi mwanafunzi wenu wa fizikia, likizo imenirudisha kambini, na safari hii sikuja na habari za setilaiti wala za kompyuta. Nimekuja na habari za sufuria ya maharage.

Najua wengine watacheka. Wiki ile niliyofika, kaka mmoja jirani yetu aliniuliza mbele ya watu: "Wewe miaka yote hii unasoma fizikia, fizikia yenyewe inatusaidia nini sisi hapa? Hata umeme hatuna!" Nilitafuta la kujibu nikakosa. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini lile neno lilinikaa moyoni. Maana wengi wetu tunadhani sayansi ni vitu vinavyokuja ndani ya maboksi: simu, redio, paneli ya sola. Kisicho na waya si sayansi.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimekaa jikoni kwa shangazi. Maharage yako juu ya mafiga tangu saa sita, sasa ni saa tisa, maji yanatokota kwa fujo mpaka yanaruka nje, na bado shangazi anasukuma kuni ndani. Nikamwuliza, "Shangazi, mbona moto mkubwa hivyo?" Akanijibu, "Mwanangu, maharage ya mgao haya ni kama mawe. Ukipunguza moto hayaivi."

Hapo kwenye ugumu shangazi ana haki. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto huwa magumu kweli, hilo si kusingizia. Lakini kwenye moto hapana, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia pale pale.

Jambo lenyewe ni hili. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena. Utie ukuni mmoja, utie kumi, yanabaki pale pale. Kule Dar es Salaam kando ya bahari yanachemkia kwenye nyuzi 100. Huku kwetu Kigoma tuko juu zaidi, hewa inayokandamiza maji ni kidogo, kwa hiyo yanachemkia kwenye nyuzi 96 hivi. (Ndiyo sababu nyingine maharage ya huku yanachelewa kuiva, tusiulaumu mgao peke yake.) Maharage hayajui kama maji yanaruka kwa fujo au yanachemka polepole. Yanachojua ni joto la maji tu, na joto hilo ni lile lile.

Sasa ule moto mwingine wote unakwenda wapi? Unakwenda kwenye mvuke. Chukua lita moja ya maji ya baridi kutoka bombani. Joto la kuyafikisha yachemke, tuliite fungu moja. Ukitaka maji hayo hayo yakauke yote yawe mvuke, unahitaji karibu mafungu saba mengine. Saba! Mimi mwenyewe niliposoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia. Kwa hiyo kila kikombe cha maji unachoongeza kwenye sufuria iliyokaukiwa kinakuonyesha kikombe kingine kilichokwisha kupaa, na kilipopaa kilibeba joto la kutosha kuchemsha vikombe saba vya maji ya baridi. Siku ile shangazi aliongeza maji mara tatu.

Na kuni zenyewe zinatoka wapi, hilo hamhitaji mwanafunzi awaeleze. Mnajua saa ambayo mama zetu wanatoka, na mnajua wanarudi lini. Mwaka juzi mdogo wangu wa kike alitoka alfajiri na wenzake wawili, wakakutana na wanaume wenye mapanga. Walitupa mizigo wakakimbia. Yeye alianguka korongoni, mkono ukavunjika, na mpaka leo haunyooki vizuri. Muhula ule hakumaliza shule. Aliniambia kitu kilichomuuma sana ni kwamba mzigo ulikuwa umeshafungwa, bado kuubeba tu. Siku hizi nikiona sufuria haina mfuniko, mvuke unapaa bure, nawaza ule mkono.

Basi Jumamosi nikamwomba shangazi tushindane. Sufuria mbili, maharage kiasi kile kile, kila mtu na mafiga yake na kuni zilizohesabiwa. Yeye akapika kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nimelowesha ya kwangu tangu usiku, nikamwaga yale maji, nikatia mengine, nikafunika na kuweka jiwe dogo juu ya mfuniko. Yalipochemka nikavuta kuni nje nikabakiza mbili zinazogusana ncha. Yangu yaliiva kwanza, na kuni zangu nyingi zikabaki. Shangazi akakasirika: "Wewe umelowesha! Umefunika! Na moto ni tofauti! Tutajuaje kilichosaidia ni kipi?" Jamani, mwalimu wangu wa maabara angempa shangazi alama zote. Ilibidi turudie Jumapili, wote tumelowesha, moto sawa, tofauti ni mfuniko tu. Mwenye mfuniko alishinda tena, ila si kwa kishindo kama cha jana yake. Kwa hiyo kulowesha nako kuna kazi yake kubwa.

Tena kuni ziwe kavu. Ukuni mbichi una maji ndani, na hayo nayo lazima yageuke mvuke kwanza kwa hesabu ile ile ya saba, kabla moto haujakumbuka sufuria yako.

Kitu cha tatu tulichojaribu ni kikapu. Akina mama wengine mnakijua, kinaitwa jiko la kikapu. Unachukua kikapu kikubwa au boksi, unakijaza majani makavu au blanketi kuukuu, unaacha tundu la sufuria katikati. Maharage yakishachemka barabara, unaiingiza sufuria yenye mfuniko bado ya moto, unafunika juu kwa nguo nzito, unaondoka. Majani na blanketi havitoi joto, vinazuia tu lisitoroke, kama vile wewe usiku blanketi halikuwashii moto bali linashika joto la mwili wako. Saa kadhaa baadaye yanaendelea kuiva bila ukuni hata mmoja. Usifunue kuchungulia, kila ukichungulia joto linatoka.

Lakini hapa nisikilizeni vizuri. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha na kuharisha, na joto dogo haliiondoi. Yaloweshe angalau saa tano, maji yale umwage, kisha yachemke kweli kweli nusu saa nzima juu ya moto kabla ya kuingia kwenye kikapu. Na ukiyatoa, yachemshe tena kabla ya kula. Asiyeweza kufuata hilo, heri abaki na mafiga.

Kuna anayeweza kuuliza, je, hakuna njia ya kuyapandisha maji zaidi ya hizo nyuzi 96? Ipo. Ni sufuria ya presha, ile inayofungwa kabisa, mvuke unabanwa ndani, maji yanafika karibu nyuzi 120. Aliyeibuni ni Denis Papin, Mfaransa, mwaka 1679, akiwa London. Alikuwa Mprotestanti, na mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa alipofuta haki za Waprotestanti, Papin hakuweza tena kurudi kwao. Akaishi Uingereza na Ujerumani. Yaani sufuria hiyo ni kazi ya mtu aliyekosa kwao, kama sisi. Nilipomsimulia shangazi alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na yeye kuni alikuwa anachukulia wapi?" Sikuwa na jibu.

Kuhusu chakula cha kwenye kikapu, shangazi anasema kimeiva vizuri ila hakina harufu ya moshi, hakijamkolea. Kikapu chenyewe sasa hakipo kwake. Yule kaka jirani, yule yule wa "fizikia inatusaidia nini", alituma mtoto kukiazima siku nne zilizopita na hajakirudisha.

Mwezi ujao nitaeleza juu ya mbabula ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa usiku, na ile hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Msingoje maelezo: leo hii kabla ya kulala itoeni nje. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi, amkabidhi kiongozi wa bloku, nami nitalipata.